Wakala wa ajira pale Ngamiani: kazi wanakupa kweli, ila hesabu ya mshahara wa Dar piga mwenyewe

Wengi mmenifuata kwenye meseji mnauliza ile ofisi ya wakala wa ajira Ngamiani ikoje, ile ya ghorofani, chini wanauza vitenge na mapazia, maana mnajua nilipitia pale nikaenda Dar na sahivi nimerudi nyumbani Tanga. Basi leo naandika yote niache kujibu mmoja mmoja. Jina silitaji, nina ya kusifia na nina ya kulalamikia na sina hela ya wakili, wa Tanga wenzangu mtapajua tu mkishapanda zile ngazi nyembamba.

Kwa haraka haraka kwa wale wasiopenda kusoma: kama wewe ni fundi mwenye vyeti au dereva wa semitrela, nenda kesho asubuhi. Kama wewe ni mtu wa keshia, stoo, mapokezi, duka, nenda pia, ila nenda na karatasi na kalamu. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ingekuwa nne, ila kuna mambo mawili huko chini ndo yamewashusha.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja na kibaraza. Kibarazani mabenchi mawili na feni ya ukutani inayozunguka ikijisikia, ukienda mwezi wa pili beba leso. Ndani meza mbili, ya binti wa mapokezi na ya mama mwenyewe mwenye ofisi, mtu mzima, unamwamkia shikamoo anaitikia marahaba macho yake yapo kwenye makaratasi unadhani hajakuona, kumbe anakumbuka sura na anakumbuka ulisema unataka nini. Hilo nampa kwa mikono miwili. Mie nilipotea pale kwa muda, niliporudi akaniambia "mwanangu si ndo wewe wa stoo, mbona hupokei simu?" na kweli nilikuwa nimebadilisha laini. Ofisi nyingine nilizowahi kuacha CV, hata za watu wanaovaa tai, CV yako ikishapokelewa ndo imeshazikwa.

Kinachovuta watu pale ni ubao. Ubao mweupe mkubwa umegawanywa kwa kalamu nyekundu sehemu tatu tu: kazi, mji na mshahara. Kipindi naanza kwenda paliandikwa karani wa stoo, Tanga, 350,000, na mstari wa chini yake karani wa stoo, Dar, 500,000. Kazi ile ile neno kwa neno, tofauti laki na nusu. Sasa wewe umekaa pale benchi na diploma yako, umetoka nyumbani mama kakupa hela ya sukari ukajifanya unayo nyingine, unautazama ule ubao kuanzia saa tatu mpaka adhuhuri, utataka nini? Kibaraza kizima kilikuwa kinataka Dar. Nafasi za Tanga zilikuwa zinakaa ubaoni mpaka wino unafifia.

Na cha ajabu, kisheria hakuna mshahara wa Dar na mshahara wa Tanga. Amri ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi hapa kwetu inagawa kwa sekta, yaani kilimo kivyake, viwanda na biashara kivyake, hoteli, ulinzi, madini, majumbani, kila moja na chake, mji hautajwi. Mlinzi wa Raskazone hapa Tanga na mlinzi wa Masaki kule Dar kima chao kinaanzia sehemu moja. Ukivuka hapo Horohoro tu ukaingia kwa wenzetu Kenya mambo mengine, amri yao inagawa na maeneo pia, Nairobi na Mombasa zina kima cha juu kuliko miji midogo. Sisi hapana. Kwa hiyo hata kile kima kipya cha Januari 2026, ambacho kwa wastani kimepanda toka 275,060 kwenda 358,322, hakikuja kuziba pengo la Tanga na Dar, kimenyanyua sakafu kote kote. Serikalini ndo usiseme, ile 500,000 ya kuanzia Julai 2025 toka 370,000 ni hiyo hiyo uwe Pangani au Posta, ndo maana mwalimu wa Pangani akijenga anajenga kweli na wa Dar anasimulia tu ramani.

Lile pengo la ubaoni kwa hiyo ni la soko, na soko lina sababu zake, nitalirudia hilo. Kwanza hesabu, maana hapa ndo wakala wanapofanya makusudi ya kukaa kimya.

Laki tano ya Dar. Toa NSSF asilimia kumi, elfu hamsini imekwenda (si kwamba imepotea, ni yako, ila mkononi huioni). Inabaki 450,000, hapo TRA anaacha 270,000 ya kwanza bila kodi halafu kinachozidi anachukua asilimia nane, kwa hiyo 14,400. Mkononi 435,600. Laki tatu na nusu ya Tanga, NSSF 35,000, kodi 3,600, mkononi 311,400. Mpaka hapo Dar bado inaongoza vizuri, laki na ishirini na nne na ushee, tusiidharau.

Sasa maisha. Chumba kimoja Mbagala mie nilikuwa nalipa elfu sabini, choo cha nje, luku mnachangia. Chumba kama hicho Mabawa, hapa Tanga, elfu thelathini na tano na upepo wa bahari juu. Kazini kwangu Vingunguti, kwa hiyo daladala ya Mbagala hadi Buguruni halafu nyingine ya kuingia ndani, kwenda na kurudi nauli nne, na nauli ya Dar ya karibu kabisa ni mia sita, yaani 2,400 kwa siku, mara siku ishirini na sita unapata 62,400. Tanga kazi za stoo nyingi ziko kule Gofu na ukanda wa bandari, watu wanakwenda na baiskeli, nauli sifuri, na hakuna anayekucheka maana mji mzima unaendesha baiskeli mpaka mashehe. Chakula cha mchana, kwa mama ntilie wa Vingunguti wali maharage na kijani ni 2,500, Tanga 1,500, kwa siku zile zile ishirini na sita ni 65,000 na 39,000.

Jumlisha. Dar inabaki 238,200. Tanga inabaki 237,400.

Mia nane! Mia nane ndo tofauti ya ile laki na nusu ya ubaoni. Na hapo sijaweka maji ya kununua kwa dumu, sijaweka siku umechelewa ukapanda boda, sijaweka kwamba Tanga ningeamua kukaa kwa mama hata ile kodi isingekuwepo. Niliandika hesabu hii nyuma ya bahasha ya vyeti nikampelekea mama mwenye ofisi, akavaa miwani akaisoma yote, akasema "mwanangu hesabu zako sahihi, lakini mimi natangaza mshahara, sitangazi maisha." Jibu zuri hilo bana, nilicheka, ila mtu wa miaka ishirini na mbili aliyetoka Maramba hana hii hesabu kichwani na wao wanajua hana.

Halafu kuna hela ya kuhama yenyewe, ambayo nadhani ndo inaamua nani anahama na nani anabaki kuliko hata mshahara. Dar mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, ukimlilia sana mitatu, hiyo ni 210,000. Dalali anataka mwezi wake mmoja, 70,000. Basi toka Kange mpaka Mbezi elfu ishirini na mabegi. Wakala nao, faili elfu kumi, halafu robo ya mshahara wa kwanza, 125,000. Jumla 435,000, yaani mshahara mzima wa kwanza umeondoka kabla hujanunua godoro. Nani ana laki nne taslimu ndo anatafuta kazi? Kwa hiyo wanaokwenda ni wa aina mbili, wenye akiba na wenye ndugu. Na mwenye ndugu, mwenye shangazi yake Temeke au kaka yake Gongo la Mboto, ile laki tano kwake ni nyingine kabisa na laki tano yangu, hata kama tumekaa benchi moja tukasaini siku moja. Ingawa hapo nako dada zangu mnajua, mtoto wa kiume akikaa kwa shangazi anakaa, wa kike akikaa kwa shangazi anarudi kazini saa mbili usiku anaosha masufuria na kuogesha watoto. Bure hiyo ina bei yake.

Mpaka hapa mtasema huyu anatuambia tusiende Dar. Hapana, mie hata ningeanza upya ningekwenda. Ngoja niseme lile la soko.

Kazi yangu ya kwanza niliyopelekwa na wakala ilikuwa godauni la bidhaa za ujenzi. Sio wabaya sana. Baada ya muda kampuni ikahamishia stoo Kibaha, wengine tukaambiwa kwaheri, notisi tukalipwa, likizo tukalipwa. Nilitoka pale na bahasha yangu, nikavuka barabara, kihalisia nilivuka barabara, geti la pili mlinzi ananijua maana tulikuwa tunanunua chai kwa mama mmoja, akaniambia karani wao kaolewa kahamia Mwanza, ingia uongee na bosi. Wiki haikuisha nikaanza, kwa 620,000. Uzoefu ule ule, cheti kile kile, umri umeongezeka kidogo tu. Pale Vingunguti magodauni yamepangana na kila mwenye godauni anajua kwamba karani wake akinuna anaweza kwenda kwa jirani, kwa hiyo nyongeza zinakuja, si kwa upendo, kwa kuogopa. Tanga ukienda kuomba nyongeza bosi anakuangalia anakwambia "haya, ukitoka hapa unakwenda wapi?" na hamna mtu anayeweza kumjibu, kwa sababu kazi kama hiyo mji mzima ziko chache na wenyewe wanajuana, wanaswali msikiti mmoja.

Tanga haikuwa hivyo zamani eti. Wazee wanasimulia kiwanda cha mbolea, cha chuma, cha sabuni, mtu anafukuzwa asubuhi mchana kapata kwingine. Kile cha mbolea kilianza mwaka 1972 na mwanzoni mwa miaka ya tisini kikafa, vingine vikafuata kimoja kimoja au vikauzwa vikageuka magofu na maegesho. Mishahara ya kuanzia haikuwa tatizo kubwa siku hizo, maana usipopenda unahama. Hiyo ndo Dar waliyonayo leo, na ndo kitu ambacho ubao wa wakala hauna safu yake. Ile laki tano ya mwanzo ichukulie kama kiingilio cha mpira, unalipia kuingia uwanjani, faida inaanza kuonekana kazi ya pili au ya tatu. Ukienda kwa mkataba wa mwaka mmoja ukikaa kimya kwenye kazi ile ile halafu ukarudi, basi umekwenda Dar kutafuta mia nane kwa mwezi.

Sasa lalamiko la kwanza, hela. Wakala kumtoza anayetafuta kazi si jambo la kawaida kama wanavyolifanya lionekane. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997, ule unaohusu mawakala binafsi wa ajira, kifungu cha saba unasema wazi mfanyakazi asitozwe ada wala gharama, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Anayetakiwa kulipa ni anayetafutiwa mtu, yaani mwajiri. Huduma ya ajira ya serikali ni bure, na ile ajira portal ya utumishi nayo bure, ukiombwa hela kule ujue ni tapeli. Nilimuuliza yule binti wa mapokezi robo ya mshahara ni ya nini hasa, akasema ni ya "ufuatiliaji". Haya. Risiti nikaomba, akatoa ya kitabu, ya mkono, imeandikwa "mchango". Mchango wa nini, harusi?

Lalamiko la pili ndo linaniuma zaidi na nadhani ndo la maana kwa yeyote anayehama mji kwa ajili ya kazi, hata kama hapitii wakala. Kwenye fomu ya mkataba kuna mstari mdogo umeandikwa "mahali pa kuajiriwa". Fomu za pale zote zinakuja zimeshachapwa Dar es Salaam. Wakati tumeajiriwa tukiwa Tanga, tumefanyiwa usaili Tanga, tumesaini Tanga na feni ile ya kibarazani inapeperusha karatasi. Nilisema, nikajibiwa "dada hiyo ni fomu ya bosi, haina shida". Kumbe ina shida. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kifungu cha 43 inasema ajira yako ikikatishwa mahali ambapo si pale ulipoajiriwa, mwajiri anakusafirisha wewe na mizigo yako kukurudisha ulikoajiriwa, au analipia usafiri huo, na kama anachelewesha kuna posho ya kujikimu ya kila siku mpaka usafiri upatikane. Sasa ukiandikwa umeajiriwa Dar na umefukuzwa Dar, usafirishwe kwenda wapi, Buguruni?

Mwenzangu mmoja tuliyepelekwa naye, baba wa watoto wawili, kampuni ilipohamia Kibaha yeye alitaka kurudi Tanga kabisa na familia. Ana kitanda, kabati, friji ndogo, mashine ya cherehani ya mkewe. Akaenda HR na kifungu chake kwenye simu, kijana wa HR akafungua faili, akaweka kidole kwenye ule mstari, hakusema hata neno. Mzee akaja kukodi nafasi kwenye fuso ya machungwa iliyokuwa inarudi tupu Muheza, usiku, mkewe amekaa mbele na watoto yeye juu na friji. Hela yote ya notisi ikaishia hapo.

Na jamani hata manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge enzi za mkoloni, walirudishwa kwao! Mjomba wa mama yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge na alikuwa anatusimulia, watu waliletwa toka Kigoma, toka Njombe, Burundi, wengine Msumbiji, wenye mashamba mwaka 1944 waliunda hadi ofisi yao ya kukusanya watu, SILABU, na yalikuwa maisha magumu ambayo sitaki kuyapaka rangi, ila mkataba ulipoisha mtu alikuwa na haki ya kurudishwa kwao. Leo una diploma na bima ya afya halafu unarudi kwenu juu ya fuso. Ukipewa fomu pale futa hiyo Dar es Salaam andika Tanga, saini pembeni, mpe na yeye asaini. Nilirudi ofisini kumwambia mama mwenyewe hili na nimsifu tena, hakubisha, alisema atalipeleka kwa waajiri. Safari hii ya juzi nimeona fomu mpya zina nafasi wazi kwenye huo mstari. Huenda ni mimi, huenda ni mtu mwingine kapiga kelele zaidi.

Mafundi sasa. Mdogo wangu wa kiume ni welda, kasoma VETA, akaongezea mtihani wa kuchomelea mabomba wanaouita sita ji. Kwake yeye habari ya Tanga na Dar haipo kabisa. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 toka Hoima Uganda linaishia hapo Chongoleani, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu nipate akili niliona ubaoni welda, Tanga, na tarakimu zinazozidi za Dar. Kontrakta anayekuja na mradi anakuja na skeli yake mfukoni, haangalii bei ya chumba Mabawa. Wakala walimpata mtu wa kumchukua upesi sana, na yeye hawakumtoza hata senti kwa sababu mwajiri alishalipa. Mnaona sasa? Sheria inafuatwa kwa mtu anayegombewa. Ubaya wake mradi una mwisho, mkataba wake ni wa miezi, ukiisha anakaa nyumbani anakula akiba halafu anaitwa mkoa mwingine, kwa hiyo ukigawa hela yake kwa mwaka mzima haitishi kihivyo. Hata hivyo kwa fundi hii ofisi ni nyota tano, sina neno.

Madereva ni hivyo hivyo, na bandari imechangia. Zamani meli kubwa zilikuwa zinasimama nje mbali na gati mzigo unashushwa kwenye matishari, sahivi gati lina mita 450 na kina kimechimbwa kufika mita 13 meli inakuja kulala ubavuni, magari na makontena yanashuka, malori yanahitajika, na nyuma ya malori wanahitajika watu wa makaratasi. Kazi yangu ya sasa imetokana na hapo, ofisi ya kutoa mizigo, laki sita kasoro kidogo, na nakwenda kwa baiskeli. Lakini msinielewe vibaya, bosi wangu wa sasa aliponiuliza nilikuwa nalipwa ngapi nilimwambia 620,000 na nikamwonyesha salari slipu ya Vingunguti, ndo akafika hapo. Aliyebaki Tanga muda wote kwenye kazi kama yangu, na naamini wengine ni wazuri kunizidi, hana karatasi ya kumwonyesha.

Miji mingine wanayo kidogo. Dodoma zipo za ujenzi na mahoteli, vyumba huko navyo vimepanda tangu serikali ihamie, piga hesabu ile ile. Arusha nyingi za utalii, zinanoga Juni mpaka Oktoba, Aprili na Mei mvua zikishuka hoteli nyingine zinafunga na wewe unafungwa nazo, muulize kama mkataba ni wa mwaka au wa msimu. Mabinti wa kazi za ndani wanaotoka Lushoto na Handeni wanapitia pale pale pia, wanakaa benchi la mwisho, mshahara wa kwanza anapokea wakala badala yao na hilo mimi halijanikaa vizuri kabisa, kama una mdogo wako anapelekwa nenda naye, zungumza na mwajiri kwa simu mbele ya yule mama, na kitambulisho chake asikiache pale.

Mkienda: kopi za vyeti, kopi ya NIDA, barua ya serikali ya mtaa, picha za pasipoti mbili, wadhamini wawili wenye namba zinazopatikana. Orijino usiache hata ukiambiwa ni ya siku moja. Ijumaa wanafunga kabla ya saa sita na wanarudi saa nane ila saa nane ya Tanga, mnajua wenyewe. Ubao wanaubadilisha Jumanne asubuhi, ukifika Jumatano nzuri zimeshaondoka. Ukiona mshahara uulize ni wa mkononi au wa juu, yaani kabla ya makato, maana kwenye ubao huo huo wanachanganya, na uulize kama NSSF inapelekwa kweli, omba namba. Na hizi za bandarini haziandikwi ubaoni, zipo kwenye faili la kijani mezani kwa binti wa mapokezi, hatakwambia mpaka umuulize.